Yeye nane, mimi nne: etha zilivyoniumbua

Juzi usiku umeme umekatika huku Nyegezi, napapasa kutafuta kiberiti, ujumbe ukaingia kwenye simu. Binti wa kidato cha sita, yuko ng'ambo Sengerema. "Shikamoo kaka. Isoma za C4H10O nimepata nane, mwalimu anasema ni saba. Nimekosea wapi?"

Isoma ni molekuli zenye atomu zilezile zilizounganishwa tofauti; hapa ni kaboni nne, haidrojeni kumi na oksijeni moja. Nikacheka peke yangu gizani. Nane! Mimi enzi zangu nilipata nne.

Ilikuwa mtihani wa utamilifu, swali hilohilo, kuchora na kutaja majina. Nikachora alkoholi zote: butan-1-oli, butan-2-oli, na zile mbili zenye tawi. Nikaweka kalamu chini dakika ishirini kabla ya muda, nikakunja mikono ili wenzangu waone nimemaliza. Siku ya kurudishiwa karatasi mwalimu akanisimamisha mbele ya darasa, akauliza kama oksijeni nimeikata mkono mmoja. Darasa likaangua kicheko. Kuanzia siku hiyo nikaitwa Mkono Mmoja mpaka tunamaliza shule, na wapo watu wazima hapa mjini, wana watoto, ambao tukikutana kwenye daladala bado wananiita hivyo. Nacheka nao. Siipendi.

Nilisahau etha, kundi la pili la isoma hizo. Kinachoniuma zaidi ni kwamba somo la etha nilikuwepo. Hadithi ya Boston niliikariri vizuri sana: 16 Oktoba 1846, daktari wa meno William Morton anamvutisha mgonjwa mvuke wa etha mbele ya madaktari, anapasuliwa uvimbe shingoni huku amelala. Ningeulizwa hiyo ningepata zote. Muundo wa chenyewe kilichomlaza sikuushika.

Aliyenifundisha etha hakusoma kemia. Ni mjomba wangu, aliyekuwa akitoka mwaloni na samaki kwa mzega. Likizo ile nilimtazama akipanda kilima: fimbo begani, kikapu huku, kikapu kule, yeye katikati. Nikasimama njiani kama mjinga. Oksijeni ina mikono miwili. Kwenye alkoholi mkono mmoja umeshika kaboni na mwingine haidrojeni. Kwenye etha yote miwili imeshika kaboni. Na mzega uliolemewa haunyooki, huinama pande zote mbili. Etha nayo imepinda pale kwenye oksijeni, pembe yake inakaribia nyuzi 110.

Vikapu vikilingana, ethili (kaboni mbili na haidrojeni zake) huku na ethili kule, hiyo ni ethoksiethani, ile ya Boston. Visipolingana ndipo watu hupotea, na ndipo alipopotea mdogo wangu wa Sengerema. Alinitumia picha ya daftari lake. Namba tano ameandika 1-methoksipropani. Namba nane ameandika propoksimethani. Nikamwambia geuza daftari kichwa chini, usome namba nane upya. Kimya kirefu. Halafu: "Jamani kaka, ni kitu kimoja!"

Ndiyo, ni kimoja. Mjomba akigeuka kurudi mwaloni, kikapu cha mbele kinakuwa cha nyuma, samaki ni walewale. Kwa hiyo jina lazima liwe moja, na utaratibu wa IUPAC, shirika la kimataifa linalopanga majina ya kemikali, ni kwamba mnyororo mrefu wa kaboni ndio mwenye nyumba, unabaki na jina lake, propani. Ule mfupi ni mgeni, anaingia amebeba oksijeni, anaitwa methoksi. Kisha unasema amegonga mlango wa ngapi: kaboni ya 1, au ya katikati, ikawa 2-methoksipropani. Basi, etha tatu. Jumlisha na alkoholi zangu nne za aibu, unapata saba.

Hiyo haidrojeni iliyokosekana kwenye oksijeni si jambo dogo. Molekuli za alkoholi hushikana kwa haidrojeni hiyo, za etha haziwezi kushikana hivyo zenyewe kwa zenyewe. Ndiyo maana butan-1-oli huchemka kwenye nyuzi 117 za Selsiasi, na ethoksiethani, yenye atomu zilezile kwa idadi ileile, kwenye 35 tu. Mchana wa jua kali juu ya mawe ya Mabatini, chupa yake haihitaji jiko. Na mvuke wake unashika moto haraka, kwa hiyo mkiwa maabara acheni utani.

Ushauri wangu ni huu: chora kwanza, jina baadaye. Ukishachora, geuza karatasi, kisha ndipo utaje. Najua nimerudia, narudia kwa sababu kila wiki hapa tuisheni napokea vijana wanaokariri majina kama wanaimba kwaya, ukiwaambia wachore wanatazama dari. Na nyinyi mnaomaliza mapema mkakunja mikono, nawaona. Mnamwonyesha nani? Dakika ishirini zile mimi ningezitumia kujiuliza oksijeni ina mikono mingapi, leo ningeitwa jina langu.

Binti alinijibu usiku uleule, zote saba, zimepangwa vizuri kuliko nipangavyo mimi. Nimempa kazi nyingine, na wewe unayesoma ichukue: etha zote za C5H12O, alkoholi usiziguse. Ziko sita. Idadi nimekutajia, kwa hiyo usinitumie nane.