Sumaku za Kujengea: Zipi Zinamfaa Mtoto Mdogo?

SWALI: Nina binti wa miaka 3 na mdogo wake anayetambaa. Dukani nimeona vibao vya plastiki vyenye sumaku ndani, na vijigololi vya sumaku vya bei nafuu zaidi. Ninunue vipi? – Mama wa wawili, Tanga

JIBU: Mama, nunua vibao, na vijigololi uviache hukohuko dukani hata ukipunguziwa bei, kwa kuwa sumaku mbili zikimezwa zinaweza kuvutana tumboni na kuubana utumbo katikati yake hadi ukatoboka, ilhali mwanzoni mtoto huonekana anaumwa tumbo la kawaida tu. Ukishuku amemeza, mpeleke hospitali papo hapo, usingoje dalili.

Kabla ya kulipa, pitisha ukucha kwenye maungio ya kibao: yasiwe na mwanya, na kilichokazwa pia kwa ribiti pembeni ni imara kuliko cha gundi pekee. Mlio mdogo ukikitikisa si lazima uwe ubovu, maana katika baadhi ya aina sumaku huachwa izunguke ili vibao vishikane kwa kila upande. Kikipata ufa, kitupe mahali ambapo huyo anayetambaa hafiki.