Kamba Kukutana Hakumaanishi Bomba Liko Skwea

SWALI: Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Jinja. Tunaunga bomba la chuma la inchi 12, ukuta wake milimita 9.5, la kuvuta maji kuingia kwenye pampu. Nilizungusha kamba, kamba ikakutana pale ilipoanzia, nikapiga chaki, nikakata kwa grainda. Nilipokutanisha mabomba mawili, upande mmoja yanagusana na upande wa pili pana nafasi ya karibu milimita 6. Bosi anasema nijaze tu kwa elektrodi. Nimekosea wapi, na bomba kubwa namna hii linakatwaje likawa skwea, yaani mkato usimame digrii 90 na urefu wa bomba?

JIBU: Grainda haina kosa hapa, ndugu fundi. Mkato wako ulikwisha kwenda upande kabla hujawasha mashine, pale ulipoiamini kamba. Swali hili huja mara kwa mara na karibu kila mara lina maneno yale yale, "kamba ilikutana." Hayo ndiyo yanayopaswa kuvunjwa kwanza, la sivyo utanunua grainda nzuri zaidi na kukata mshazari vilevile.

Jaribu hivi. Zungusha karatasi kwenye kipande cha bomba la inchi 2, ikate kwa msumeno ulioulaza upande kidogo, kisha ikunjue mezani. Ukingo wake hautakuwa mstari ulionyooka. Utakuwa wimbi, linalopanda nusu ya kwanza na kushuka nusu ya pili, na mwisho wake utarudi kimo kile kile cha mwanzo wake. Mkato uliolala upande nao hukutana, tena hukutana barabara kabisa. Kwa hiyo kamba iliyokutana haijathibitisha chochote. Kamba ni nyembamba, inaweza kulifuata wimbi lile bila kulalamika, na kutu ya bomba inaishika isiteleze. Jicho nalo haliwezi kukusaidia, kwa sababu hakuna mahali unapoweza kusimama ukauona mzunguko wote kwa wakati mmoja.

Sasa hesabu yake. Bomba linaloitwa la inchi 12 lina kipenyo cha nje cha milimita 323.9. Mstari ukilala kwa digrii moja tu, tofauti kati ya upande mmoja na wa pili ni karibu milimita 5.7. Ndiyo nafasi yako hiyo. Kosa hilo hilo la digrii moja kwenye bomba la inchi 4, lenye kipenyo cha milimita 114.3, ni milimita 2 tu, nalo linamezwa na nafasi ya kawaida ya kuchomelea bila mtu kuliona. Ndiyo sababu mafundi wengi huapa kwamba kamba inafanya kazi. Wameizoea kwenye mabomba madogo, ambako kosa lipo ila halionekani, halafu wanaibeba hadi kwenye bomba kubwa.

Kinachotakiwa ni ukanda mpana wenye ukingo ulionyooka, usiovutika na usiokubali kupinda kwa ubavu. Upana uwe milimita 100 hadi 125. Kitu kipana namna hiyo hakiwezi kulifuata wimbi. Ukikizungusha kwenye bomba kimelala upande, ukingo wake hauwezi kurudi juu ya ukingo wake wenyewe, utapishana nao kama uzi wa skrubu. Kuna njia moja tu ya ukingo kurudi na kulala juu ya mwenzake kwa urefu mrefu, nayo ni skwea.

Urefu wake usipungue mzingo mmoja na nusu, mzingo ukiwa urefu wa kulizunguka bomba mara moja. Bomba lako lina mzingo wa milimita 1,018, kwa hiyo mita 1.6 ndio mwisho wa chini, na mita 2 ni bora. Inchi 6 lina mzingo wa milimita 529, inchi 8 lina 688, inchi 10 lina 858. Kwa bomba la inchi 24, kipimo cha lile bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Tanga, mzingo ni milimita 1,915 na ukanda wake unakaribia mita 3. Wengi hukata ukanda unaotosha kukutana tu, wakazidisha sentimita tano. Huo ni sawa na kamba. Kwenye sentimita tano unaweza kuusukuma ukanda kwa kidole ukalingana. Kwenye nusu mzingo huwezi kudanganya, kingo zitaachana mbele au nyuma na utaziona.

Vifaa vya kuutengenezea havihitaji pesa nyingi. Shiti ya gasketi ya milimita 1.5 hufaa sana. Mkanda mwembamba wa mashine wenye kitambaa ndani hufaa pia, na bati laini la milimita 0.5 lililokatwa kwa mashine ya kukatia mabati. Kwa bomba la inchi 6 kushuka chini, zile sahani za aluminiamu zinazotumiwa na wapiga chapa, kama wale wa Nasser Road pale Kampala, ni nzuri kwa kuwa ukingo wake wa kiwandani umenyooka. Usitumie mpira wa ndani wa tairi. Unavutika na unapinda ubavu, yaani una kasoro za kamba pamoja na zake mwenyewe.

Kabla ya kuutumia, upime ukingo. Ulaze ukanda juu ya sakafu safi, chora mstari kando ya ukingo, kisha ugeuze tumbo juu na uurudishe kwenye ncha zile zile mbili, chora tena. Mistari ikiachana katikati, ukingo umepinda na ukanda haufai.

Safisha bomba kwanza. Magamba ya kutu, matone ya chuma ya kuchomelea, lami, udongo, vyote viondoke kwa brashi ya waya kwa upana wa milimita 150 hivi. Tone moja gumu chini ya ukanda linatosha kuusukuma. Uzungushe kwa kuvuta sawasawa, tabaka la juu lilale juu ya la chini, na uangalie kingo zikilingana tangu mwanzo wa kupishana hadi mwisho. Kulingana mahali pamoja hakutoshi. Chora kwa chaki ya mafundi iliyochongwa ikawa kali kama patasi, ukiilaza upande ule ule muda wote, kwa sababu chaki butu huchora mstari wa milimita 3 na hutajua ukate wapi. Kisha uuondoe ukanda, uuanzishe robo ya bomba mbele na uuzungushe kuelekea upande wa pili. Ukilala juu ya mstari uliouchora, mstari ni wa kweli. Ukipishana nao hata milimita moja, futa uanze upya. Kazi yote hii haizidi dakika kumi.

Njia nyingine mbili zinastahili kukataliwa hapa, maana zinafundishwa. Ya kwanza ni kupima kwa tepu kutoka mwisho wa bomba katika sehemu nne na kuunganisha alama. Tepu inanakili mwisho wa bomba jinsi ulivyo. Ikiwa mwisho huo ulikatwa vibaya, na mabomba yanayouzwa kwa vipande karibu yote yamekatwa vibaya, unabeba kosa la mtu mwingine hadi kwenye mkato wako. Pima kutoka kwenye mstari uliochorwa kwa ukanda, si kutoka mwisho. Ya pili ni kulaza bomba juu ya matofali au vipande vya nondo na kulizungusha mbele ya chaki iliyoshikwa mahali pamoja. Vishikio hivyo visipokuwa sambamba kabisa, bomba hutembea kwa urefu likizunguka, na chaki inachora uzi wa skrubu.

Skwea ya chuma haichori mstari kwenye bomba kubwa, inakagua tu. Mkono wake ukilala juu ya mgongo wa mviringo huteleza upande bila wewe kuhisi.

Ukija kwenye kukata, grainda ya milimita 230 yenye diski ya milimita 3 inatosha. Diski ipite upande wa kipande cha kutupwa, mstari ubaki kwenye bomba lako. Zunguka kwanza bomba lote kwa kina cha milimita 1 au 2, bila kutoboa popote. Mfereji huo ndio utakaoiongoza diski. Kisha rudi na kuzamisha kidogo kidogo. Anayetoboa mahali pamoja na kusukuma mbele ataiona diski ikiondoka kwenye mstari na hataweza kuirudisha. Weka stendi pande zote mbili karibu na mkato. Bomba likiachwa kuning'inia, mwishoni linabana diski, na grainda inaruka kuelekea kifuani. Kuhusu wale wanaotoa kinga na kufunga diski ya 230 kwenye grainda ndogo ya 115: diski hiyo kubwa imetengenezwa kwa mizunguko isiyozidi 6,600 na kidogo kwa dakika, na grainda ndogo huzunguka karibu 11,000. Hapo inasubiriwa siku ya kupasuka.

Ukitumia gesi, mstari wa chaki unaweza kupotea mbele ya moto. Gonga alama nyepesi za panchi kila milimita 25 juu ya mstari. Mdomo wa tochi uelekee katikati ya bomba wakati wote. Ukilala digrii 10 tu, kwenye ukuta wa milimita 9.5 ndani inahama karibu milimita 1.7 ingawa nje umefuata mstari vizuri. Acha milimita 2 nje ya mstari na uzimalize kwa grainda. Na bomba kuukuu lililowahi kubeba petroli au dizeli usilisogezee cheche wala moto kabla halijasafishwa na kuthibitishwa kuwa halina mvuke, hata kama muuzaji anaapa ni la maji.

Mkato ukikamilika, kagua kwa skwea yenye mkono usiopungua milimita 300, juu, chini na pande mbili. Kiwango cha API 5L cha mabomba ya mafuta na gesi kinaruhusu mwisho wa bomba kwenda upande kwa milimita 1.6 tu. Kwa maji pia ni lengo zuri. Ndipo uchonge ukingo wa bomba kwa mshazari wa digrii 30 hadi 37.5 wa kupokea mshono, ukiacha uso wa milimita 1.6 ambao haujaguswa. Uso huo ndio shahidi wa mstari wako. Ukiusaga wote ukawa makali kama kisu, kila mpito wa grainda unafupisha bomba upande huo na skwea uliyoihangaikia imekwisha. Nafasi kati ya mabomba mawili iwe milimita 3 kuzunguka kote. Waya wa elektrodi ya 3.2 uliogongwa magamba na kukunjwa ni kipimo kizuri cha kuweka katikati wakati wa kushikiza.

Sasa neno la bosi wako, la kujaza. Ushauri huu unaharibu kazi nyingi kuliko kamba yenyewe, kwa sababu unamfundisha fundi kwamba kosa la kupima hutibiwa kwa elektrodi. Chuma kilichoyeyuka kikipoa hunywea, na kinanywea zaidi pale kilipo kingi. Upande wenye nafasi ya milimita 6 utavuta kuliko ule unaogusana, na bomba litapinda kuelekea huko. Na ukiamua kulivuta kwa mnyororo hadi nafasi izibe, basi mwisho wa bomba la mita 6 utakuwa umehama milimita 105 hivi. Flanji yako, ile sahani ya mwisho wa bomba inayofungwa kwa bolti, haitaikuta pampu. Upande unaogusana nao hauna pa kuyeyukia hadi ndani, kwa hiyo mshono utakuwa wa juu tu.

Kuna wanaochomeka nondo ndani ya nafasi na kuifunika juu. Hiyo ni hila, na anayeifanya anajua ni hila, ndiyo sababu huifunika haraka. Nondo haiungani na kuta mbili, inaacha nyufa mbili zilizofichwa na uchafu wa magamba katikati yake, tena kaboni ya chuma chake haijulikani, na mshono unaweza kupasuka ukipoa.

Kwenye bomba la kuvuta hali ni mbaya zaidi kuliko kwenye bomba la kusukuma. La kusukuma likitoboka maji yanatoka na kila mtu anaona. La kuvuta likitoboka halitoi tone hata moja, linavuta hewa. Pampu inapoteza maji, inanguruma, wanabadilisha sili, wanabadilisha beringi, wanamlaumu aliyeuza pampu, na tundu dogo kama pini limekaa kimya kwenye mshono uliojazwa. Zaidi ya hayo, nafasi pana huacha matone ya chuma yananing'inia ndani, na yakikatika safari yao inaishia kwenye pangaboi la pampu.

Bomba lako linaweza kuokolewa. Zungusha ukanda milimita 20 nyuma ya sehemu iliyokatwa ndani zaidi, chora, hakiki, kata. Fanya hivyo kwa mabomba yote mawili, maana huna hakika ni lipi lililokwenda upande. Urefu ukipungua, ongeza kipande cha kati kilichokatwa skwea pande zote mbili, na kisiwe kifupi kuliko kipenyo cha bomba, yaani milimita 324, ili mishono miwili isikaribiane. Mwambie bosi kwamba kukata upya ni kazi ya asubuhi moja na diski mbili tatu.

Ukanda ukimaliza kazi, uviringishe kwa duara pana na uutundike msumarini. Usiukunje. Ukikunjwa mara moja ukingo wake huvunjika pale kwenye mkunjo, na mstari unaofuata utaanza kupishana.