Jina la Lakers lilivyofika Los Angeles

Ndugu, umeuliza kwa nini timu ya mpira wa kikapu ya Los Angeles inaitwa Lakers, yaani watu wa maziwa (ya maji, si ya ng'ombe), ilhali jiji hilo halisifiki kwa maziwa. Jina hilo lilitoka Minneapolis, katika jimbo la Minnesota linalojiita nchi ya maziwa 10,000, ambako timu ilianza mwaka 1947. Ilipohamia Los Angeles mwaka 1960, jina halikubadilishwa.

Enzi ya Minneapolis, kwa maoni yangu, haipewi heshima inayostahili. Ikiongozwa na mchezaji wake George Mikan, timu ilitwaa mataji matano kati ya 1949 na 1954. Tarehe 22 Novemba 1950 wapinzani wao Fort Wayne Pistons, wakijua kwamba hawamwezi, waliushikilia mpira kwa makusudi hadi wakashinda 19 kwa 18, huku Mikan peke yake akifunga pointi 15. Michezo ya namna hiyo ndiyo iliyochangia kuwekwa, mwaka 1954, kwa kikomo cha sekunde 24 ambacho timu yenye mpira lazima iurushe kikapuni kabla hakijaisha.

Jina hilo nusura lizimike kabla ya kuhama. Usiku mmoja wa Januari 1960, ndege iliyoibeba timu iliishiwa umeme angani katikati ya dhoruba ya theluji, na marubani, wakifungua dirisha ili waone mbele, wakaishusha katika shamba la mahindi huko Carroll, Iowa. Abiria wote walitoka salama.