Vyura wa Kihansi: kwani lazima tuchague kimoja?

SWALI: Habari za kazi wahariri. Hivi ni kweli vyura wa Kihansi walipandishwa ndege wakapelekwa Marekani halafu wakarudishwa, na sasa wanafungiwa mabomba ya kuwanyunyizia maji? Hela yote hiyo kwa kichura! Si bora tuchague tu umeme?

JIBU: Ni kweli kabisa ndugu msomaji, ila hapo kwenye kuchagua ndo pana kazi.

Huyo chura hafiki hata sentimita 3, ana rangi ya dhahabu, na hatagi, anazaa vitoto vilivyokamilika, yaani kichura kinatoka na miguu yake. Makazi yake duniani ni korongo la Kihansi tu, huku Tanzania kwenye milima ya Udzungwa, kwenye majani yanayolowana na manyunyu ya maporomoko, na wanasayansi walimgundua 1996, ujenzi wa bwawa la umeme ukiwa umeshaanza. Mitambo ilipowashwa (megawati 180, si mchezo) maji karibu yote yakaingizwa kwenye handaki, maporomoko yakanyauka, manyunyu yakaisha. Mwaka 2000 wakachukuliwa vyura kama 500 wakapelekwa bustani ya wanyama ya Bronx, New York, na huku korongoni yakafungwa mabomba ya kunyunyiza maji, waliobaki wakaongezeka vizuri tu, halafu 2003 wakaporomoka ghafla. Ikaonekana kuna kuvu anayeshambulia ngozi ya chura, wengine wakashuku pia dawa za mashambani zilizoshuka na maji. 2009 akatangazwa kutoweka porini, na 2012 ndo wakaanza kuachiwa tena korongoni, waliozaliwa ugenini hao.

Unaona lakini, bomba linaleta unyevu, halizuii kuvu wala dawa inayoshuka kutoka juu. Ndo maana mipango ya bonde la mto inaanzia kwa mkulima wa vinyungu (vishamba vya kwenye maeneo yenye unyevu) kule milimani, analima wapi, anapuliza nini, chura baadaye. Mi naona hapo ndo watu wengi hawapaangalii.

Na kuhusu umeme, Sheria ya Tanzania ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inaweka maji ya nyumbani kwanza, kisha maji ya kubaki mtoni kwa ajili ya mazingira, ndipo shughuli za uchumi. Kwa hiyo kinachobishaniwa ni kiasi, mto ubakiziwe lita ngapi kwa sekunde, na hicho hupimwa kabla ya kumwaga zege. Kihansi walikuja kukihangaikia mitambo ikiwa inazunguka tayari, sasa hiyo bili ya mabomba usimpelekee chura.