Daukša na dibaji yake ya Kipolandi

Salamu mkuu. Unauliza mbona Daukša, mtetezi wa lugha ya Kilithuania, aliandika kwa Kipolandi dibaji ya Postilla, kitabu chake cha mahubiri. Kwanza angalia mwaka wa kitabu ulichonacho: kikiwa cha 1547, hicho ni katekisimu (kitabu cha mafundisho ya dini) ya Mažvydas, mwandishi Mlutheri, iliyochapwa mjini Königsberg. Hata mimi niliwahi kuwachanganya. Mikalojus Daukša alikuwa kanoni (padri wa baraza la kanisa kuu) Mkatoliki wa Samogitia, eneo la Lithuania, na Postilla yake ilitoka Vilnius 1599. Mahubiri yenyewe, aliyoyatafsiri kutoka kwa Mjesuiti Mpolandi Jakub Wujek, yako kwa Kilithuania. Dibaji ile iliwalenga wakubwa wa Lithuania waliokwisha kuhamia lugha ya Kipolandi. Angewasema kwa lugha wanayoikimbia, nani angesoma? Humo anadai taifa haliishi kwa rutuba ya ardhi, mavazi wala ngome, bali kwa kuitunza lugha yake. Anza na ukurasa huo.