Muulize Fundi: "Mchumba wangu anasema gari la nyuma litaniua"

*Shikamoo Fundi. Nina miaka 29, nafanya biashara ya parachichi hapa Mbeya mjini. Nimeweka akiba miaka minne na sasa nataka kuagiza Japani gari langu mwenyewe, la kutembelea, si la mzigo. Nimebaki na mawili kichwani: Toyota 86 na Subaru WRX STI, yote ya gia za mkono. Toyota inasukumwa na magurudumu ya nyuma, Subaru ni fowili muda wote, yaani magurudumu yote manne yanasukuma. Kila Ijumaa naenda Tukuyu kumwona mama, na mvua ya huko unaijua. Kutoka lami hadi kwake ni kilomita tatu za udongo. Mchumba wangu anasema gari la nyuma litaniua. Rafiki zangu wanasema Subaru itanifilisi. Gari lenye nguvu sijawahi kumiliki, nimezoea pikapu ya kaka. Nishauri.*
*Msomaji, Mbeya*

Marahaba mwanangu. Kwanza mfikishie mkwe wangu salamu, halafu umuulize jana alikwenda sokoni na nini. Kama alipanda hiace, basi karibu hakika alipanda gari la nyuma. Mark II na Cresta zilizobeba nusu ya maharusi wa nchi hii ni za nyuma. Na hiyo pikapu ya kaka yako, kama ni ya kawaida au kama hujaingiza fowili, nayo ni ya nyuma. Kwa hiyo hujaanza leo. Umewahi kuiendesha tupu siku ya mvua, ukaingia kona ukasikia kiuno chake kinataka kukupita? Basi somo la kwanza umeshalipata, bila ada.

Mimi somo hilo nililipia. Nilikuwa na gereji hapo Mbeya kabla sijahamia Dar, na nilikuwa na Altezza ya gia sita niliyoipenda kuliko ilivyostahili. Siku moja nimeshapita Isongole, nashuka kuelekea Kiwira, manyunyu na ukungu ule wa kufunga macho. Mbele nilikuwa nimefunga matairi mapya. Nyuma nilikuwa na ya mitumba, kashata zake (vile vijungu vya mpira vinavyokanyaga barabara) bado nene, yanapendeza kwa macho. Katikati ya kona nikakanyaga mafuta kidogo, kidogo tu, na mkia ukaondoka. Nilipokuja kutulia gari lilikuwa limezima, limetazama Mbeya nilikotoka. Pembeni palikuwa na mama anauza viazi. Hakushtuka hata kidogo. Akaniuliza, "Baba, kuna kitu umesahau?"

Nilipofika gereji nikasoma ubavu wa yale matairi. Kila tairi lina tarakimu nne mwishoni mwa herufi za DOT: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Yangu yalikuwa na umri wa miaka tisa. Mpira ulikuwa mgumu kama soli ya buti. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema "gari la nyuma linaua" huwa nauliza kwanza alikuwa amefunga matairi gani.

Sasa tuje kwenye fowili inafanya nini hasa, maana hapa ndipo watu wengi wanapouziwa mbuzi kwenye gunia. Mfikirie mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani. Anatembea vizuri. Mpe na mbuzi wa kumvuta kwa kamba. Bado atatembea, ila mbuzi akishtuka, maji yanamwagika. Tairi ndivyo lilivyo: lina nguvu moja tu ya kushika barabara, na nguvu hiyo hiyo ndiyo ya kukata kona, ya kusukuma gari na ya kufunga breki. Kwenye gari la nyuma, matairi mawili ya nyuma yanabeba ndoo na kuvuta mbuzi, ya mbele yamebaki na ndoo peke yake. Ndiyo sababu usukani wa magari haya huwa mwepesi na unaongea na mikono yako. Kwenye fowili, mbuzi amegawanywa kwa wanne. STI ya Kijapani ya kizazi cha 2014 hadi 2019 hupeleka kama asilimia 41 ya nguvu mbele na 59 nyuma, na karibu na mkono wa gia kuna swichi inayobadilisha jinsi difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, inavyoshika. Ukitoka kwenye kona yenye maji, mlima mbele yako, unakanyaga na gari linakwenda. Raha yake naijua na sitaikana.

Lakini breki je? Gari lolote lina breki kwenye magurudumu manne, la nyuma na la fowili sawasawa. Ukifunga breki kwenye lami yenye utelezi, fowili haina msaada wowote, na STI ina kilo kama 1,490 wakati 86 ina kama 1,230. Hiyo tofauti ni magunia mawili na nusu ya mahindi unayotaka kuyasimamisha mbele ya kundi la ng'ombe. Hatari ya fowili kwa dereva mpya ni kwamba inakuficha. Gari la nyuma likikosa mshiko hukunong'oneza mapema, unasikia makalioni ukiwa na mwendo mdogo. Fowili inashika, inashika, inashika, na siku ikiachia unakuwa tayari na kilomita 40 zaidi kwenye saa, pua inakwenda moja kwa moja mtaroni na wewe umekata usukani wote.

Usiniambie mabingwa wa mbio za rally wote wanatumia fowili. Najua. Audi Quattro ilipoingia mbio za dunia 1981 ilibadilisha mchezo mzima. Ila hapa kwetu Afrika Mashariki haikuwa rahisi hivyo. Safari Rally ya 1984, 1985 na 1986 zilichukuliwa na Toyota Celica Twin Cam Turbo, gari la nyuma, mbele ya fowili za Ulaya zilizokuwa zinatisha kwingineko. Fowili ya kwanza kushinda Safari ni Audi 200 Quattro ya Hannu Mikkola, 1987. Maelfu ya kilomita za mawe na vumbi, gari lenye vitu vichache vya kuharibika lilikuwa na lake la kusema. Baada ya hapo, kweli, fowili zikatawala, na Colin McRae akaja kuwapa Subaru ushindi 1997. Mashabiki wa Subaru mnaoning'iniza bendera za bluu, mmeridhika?

Turudi kwenye mfuko wako, maana rafiki zako hawajakosea sana. CC, yaani ukubwa wa injini, haitakusaidia kuchagua: 86 ni 1998, STI ya Japani ni 1994, kundi moja la ushuru. Angalia mwaka wa kutengenezwa tu, TRA, mamlaka ya mapato, hutoza ushuru wa ziada gari likizeeka. Tofauti inakuja baada ya hapo. STI ina tabo (pampu inayoisukumia injini hewa zaidi), ina difu ya mbele, ya kati na ya nyuma, na ndani ya injini ina mkanda wa taimingi unaobadilishwa kwenye kilomita 100,000. 86 haina tabo, ina difu moja nyuma, na taimingi yake ni cheni.

Halafu kuna matairi, na hapa nikae kidogo. Aliwahi kuniletea mteja Subaru yake akilalamika kwamba akikata kona ya kuegesha, gari linashikashika kama mtu kaacha hendibreki imevutwa nusu. Alikuwa ameshabadilisha bushi, ameshabadilisha pedi za breki, amezunguka kwa mafundi watatu. Nilichofanya ni kuazima futi ya jirani yangu fundi cherehani. Nikazungusha kila tairi. Matatu yalikuwa yanalingana, la nne, jipya kabisa, liliwazidi wenzake kwa karibu sentimita nne. Alipata pancha kubwa njiani akanunua moja la kuvukia. Subaru wenyewe wanataka tofauti ya mzunguko isizidi kama milimita sita, kwa sababu tairi kubwa na dogo hayazunguki sawa, na ile difu ya kati inafanya kazi muda wote kama vile gari limekwama. Inapata joto hadi inakufa. Kwenye fowili ya namna hii ukiharibu tairi moja na mengine yamelika, unanunua manne. Kwenye 86 ungenunua mawili ya ekseli moja ukaendelea na parachichi zako.

Na siku ikizima njiani, usikubali brekidauni inyanyue magurudumu ya mbele na kuburuta ya nyuma. Fowili ya muda wote hubebwa juu ya tela, magurudumu yote manne hewani. Fikiria saa tatu usiku, mvua, umezungukwa na migomba, unampigia simu mtu mwenye tela. Mimi nimeshawahi kupigiwa.

Kilomita tatu za udongo kwa mama: hapo nitakukatisha tamaa kote kote. Magari yote mawili yana tumbo kama sentimita 13 kutoka ardhini. Udongo ule mwekundu ukishachimbwa mifereji na malori ya ndizi, gari litakalia tumbo kabla magurudumu hayajajua kama ni mawili au manne yanayosukuma. Tafuta jirani mwenye uwanja karibu na lami, mwachie gari na chochote cha asante, panda bodaboda. Mama atafurahi hata ukifika na tope magotini.

Kwa hiyo kama ni mimi natoa hela, kwa miaka 29, gari la kwanza la aina hii, mtu mmoja na mchumba: nachukua 86. Nguvu farasi 200 zinatosha kukufurahisha na hazitoshi kukuzidi akili. Waliolitengeneza walilifunga kiwandani matairi ya Michelin ya aina iliyotumika pia kwenye Prius, gari la kubana mafuta, kusudi lianze kucheza mapema na taratibu. Wewe barabara yako ni ya mvua, kwa hiyo fedha itakayobaki baada ya kuiacha STI weka matairi manne mapya yenye njia nzuri za maji, yaliyotengenezwa karibuni (soma tarakimu), upana ule ule wa kiwandani. Usipanue. Ule mfumo wa kuzuia kuserereka una kitufe cha kuuzima. Mwaka wa kwanza kisahau. Na kabla hujaenda Tukuyu nalo, tafuta uwanja mpana siku ya mvua, usiku hapana, mwendo wa 30, ukanyage mafuta ukiwa umekata kona mpaka usikie kiuno kinaondoka, uachie polepole, urudishe usukani. Mara ishirini. Mchumba akae pembeni.

Ungeniambia una watoto wawili ningekujibu tofauti. Viti vya nyuma vya 86 ni vya mabegi, na STI ina milango minne.

*Fundi, niko Nairobi na Mark X ya 2500, ya nyuma. Makanika mmoja ameniambia anaweza kuigeuza iwe Four, ile Mark X ya fowili, akipata spea za ile iliyogongwa. Ni sawa?*
*Msomaji, Nairobi*

Hapana ndugu yangu. Four haijaongezewa kitu kimoja, ni gari jingine chini: giaboksi yake ni nyingine (ile ya kizazi cha 2004 hadi 2009 ilikuwa na gia tano wakati yako ina sita), kuna transfa (ya kupeleka nguvu mbele), propela ya mbele, difu ya mbele, ekseli za mbele na vishikizo vyake vyote, halafu kompyuta inayotakiwa kuelewana na hivyo vitu. Uza yako ikiwa nzima, ongeza, nunua Four. Ukikuta makanika anakwambia atamaliza wiki moja, muulize gari la mwisho alilogeuza liko wapi ukaliendeshe.

*Jambo Fundi. Mimi ni mtu wa Goma, niko Gatineau, Canada. Nilinunua Ford Mustang wakati wa joto. Jirani ananiambia niiuze kabla ya theluji ninunue ya magurudumu yote. Kweli?*
*Msomaji, Gatineau*

Jambo sana ndugu. Theluji nimeiona ya Kilimanjaro, kwa mbali, nikiwa ndani ya basi. Matairi ndiyo nayajua. Mpira wa tairi la joto huanza kukakamaa nyuzi joto zikishuka chini ya kama 7, na likishakakamaa hata ukisukuma na magurudumu manne bado hutasimama. Mpira wa matairi ya baridi unabaki laini. Huko Québec sheria yenyewe inakutaka uwe nayo kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi, kwa hiyo pesa hiyo utaitoa hata ukihamia kwenye fowili. Funga manne, si mawili ya nyuma peke yake, la sivyo mkia utashika na pua itakuacha. Ondoka na gia ya pili kwenye barafu, mguu mwepesi. Ukishafanya hayo na bado gari linakataa kupanda kilima cha nyumbani kwako, niandikie tena Januari, hapo tutazungumza habari ya kuiuza.