Magari yamejaa mtaani, madukani hamna mtu

Barua za mwezi huu zimetoka kwa wenye maduka na viongozi wa jumuiya za wafanyabiashara wa miji midogo. Karibu zote zinalia na maegesho. Tumechagua sita, na ya kwanza tumeijibu kwa kirefu kwa sababu ndiyo mama wa nyingine zote.

Mtaa wetu una maduka 40 na nafasi 60 za kuegesha kando ya barabara. Asubuhi mapema zote zimeshajaa, lakini ndani ya maduka ni ukiwa mtupu. Wenzangu wanataka tununue jengo bovu la kona, tulibomoe, tupate uwanja wa magari. Mnatushauri nini? – Mwenye duka la vitambaa

Ndugu yetu, msibomoe kitu kabla hamjahesabu. Mtaa ukijaa magari huku maduka yakiwa matupu, mara nyingi magari hayo ni ya kwenu wenyewe: ya wenye maduka, ya wauzaji, ya wapangaji wa ofisi za ghorofani. Anayekuja kufungua duka ndiye wa kwanza kufika, kwa hiyo huchagua nafasi nzuri kuliko zote, na hatoki hadi jioni.

Pigeni hesabu ya nafasi moja tu kwa siku ya saa 9. Wateja wanaokaa dakika 45 kila mmoja wangeweza kupokezana hapo mara 12. Toeni muda wa nafasi kukaa wazi kati ya gari na gari, bado mnabaki na wateja 8 hivi. Muuzaji akiegesha hapo, anaingia mmoja. Ikiwa nusu ya maduka yenu yana mtu mmoja mmoja anayeegesha mbele, nafasi 20 zimekufa na magari 160 ya wateja yamekosa pa kusimama siku hiyo.

Msikisie, hesabuni. Chora ramani ya mtaa na ipe kila nafasi namba. Watu wawili, kila mmoja na upande wake, wazunguke kila nusu saa tangu kufungua hadi kufunga, wakiandika tarakimu tatu za mwisho za namba ya gari kwenye kila nafasi. Nafasi ikiwa wazi, piga kistari. Usiache kisanduku kitupu, maana jioni hutajua kama nafasi ilikuwa wazi au mwandishi alisahau. Fanyeni siku moja ya katikati ya wiki na Jumamosi moja, na muepuke sikukuu na siku za mvua kubwa. Mkizunguka kila baada ya saa 2, magari ya dakika 20 yatawapita bila kuonekana na mtadhani kila mtu anakaa muda mrefu.

Jedwali likishajaa, gari lililoonekana kwenye mizunguko 12 mfululizo si la mnunuzi. Kisha angalieni ni sehemu gani ya nafasi inajaa saa yenye watu wengi. Donald Shoup, aliyefundisha mipango miji katika chuo kikuu cha UCLA huko Marekani, alishauri kiwango kiwe kama asilimia 85: yaani katika kila nafasi saba, moja iwe wazi muda wote. Ikizidi hapo, madereva wanaanza kuzunguka mtaa wakitafuta pa kusimama, na foleni mnayoilaumu kumbe ni ya watafutaji hao.

Siku hiyo hiyo mtumeni mtu wa tatu kwenye mitaa ya nyuma na viwanja vya majengo ambayo hayatumiki mchana, ndani ya mita 400, ambao ni mwendo wa dakika tano kwa miguu. Huko ndiko magari ya wafanyakazi yanapotakiwa kwenda. Andikishaneni mkataba na mwenye uwanja: siku zipi, saa zipi, nani anafagia, nani anawajibika gari likikwaruzwa. Wekeni taa njiani. Muuzaji anayefunga usiku asilazimishwe kutembea gizani peke yake. Aruhusiwe kusogeza gari lake karibu na duka kuanzia saa kumi na moja jioni. Bila kipengele hicho, mpango huvunjika ndani ya mwezi mmoja, na wanaouvunja wana haki.

Sasa rudini kwenye jengo la kona. Gari moja, pamoja na sehemu yake ya njia ya kupita, linameza mita za mraba 25 hadi 30. Kiwanja cha mita za mraba 600 kitawapa nafasi 20 hadi 24, ambazo ni zile zile mnazoweza kuzipata kwa kuwahamisha wafanyakazi. Halafu mtakuwa mmetoboa pengo katika safu ya maduka. Mtu anayetembea akitazama vioo vya maduka, akifika kwenye uwanja wa magari mara nyingi hugeuka. Maduka yaliyo ng'ambo ya pengo ndiyo yatakayoumia.

Tuliweka kikomo cha saa 2, bure. Sasa wauzaji wanatoka kila baada ya saa 2, wanasogeza gari nafasi moja mbele, kisha wanarudi dukani. Tufanyeje? – Katibu wa jumuiya ya wafanyabiashara

Kosa liko kwenye bango lenu. Kikomo mmekifunga kwenye nafasi badala ya eneo. Andikeni upya: "Saa 2 katika eneo lote. Hakuna kurudi ndani ya saa 4." Hapo kusogeza gari hakumsaidii mtu.

Mkaguzi naye apate namna ya kuthibitisha. Alama ya chaki kwenye tairi hufutika kwa mvua, na mwenye gari anaweza kuifuta kwa kidole. Mbinu ya zamani iliyo bora ni kuandika, pamoja na namba ya gari na ya nafasi, mahali ilipo sehemu ya kujazia upepo kwenye tairi mbili za upande mmoja, kana kwamba gurudumu ni uso wa saa: tairi ya mbele inaelekea tarakimu 3, ya nyuma inaelekea 10. Gari likiondoka na kurudi, tairi hazisimami tena pale pale. Uwezekano wa zote mbili kuangukia tarakimu zile zile kwa bahati ni kama 1 katika 144. Dereva akisema "nilitoka nikarudi", daftari linajibu.

Hata hivyo, kwa mawazo yetu, bei hufanya kazi hiyo vizuri kuliko saa. Mita ya kwanza ya maegesho, yaani mashine ya kulipia muda wa kuegesha, iliwekwa Oklahoma City huko Marekani mwezi Julai 1935, kwa msukumo wa Carl Magee, mwanahabari wa mji huo, na kilio kilikuwa hiki hiki chenu: wafanyakazi wa mjini walishika nafasi kutwa, wateja wakakosa. Wekeni bei inayopanda: saa ya kwanza nafuu, ya pili ya kawaida, ya tatu mara mbili yake. Mteja anayehitaji muda zaidi atalipa bila kuogopa faini, ila muuzaji wa kutwa nzima hataweza. Wiki mbili za mwanzo toeni karatasi za onyo tu. Baada ya hapo faini izidi gharama ya kuegesha kutwa, la sivyo watu wataihesabu kama ada ya siku.

Tukianza kutoza, si wateja watakimbilia maduka makubwa ya nje ya mji? – Muuza viatu

Hofu hiyo ni ya kweli, tusiidharau. Wenye maduka wa Old Pasadena, huko California, walikuwa nayo hadi mwaka 1993, mita zilipowekwa kwa makubaliano kwamba mapato yatabaki kwenye mtaa huo huo: njia za miguu, taa, miti, usafi. Mtaa uliokuwa umechakaa ukapata sura, na watu wakarudi. Makubaliano hayo ndiyo kiini. Pesa zikiingia kwenye kapu la jumla la halmashauri, mteja anaona ametozwa na hajapata kitu. Hakikisheni zimepewa akaunti yake, na kila robo mwaka bandikeni mtaani kilichoingia na kilichonunuliwa.

Bei nayo isiwe msumari. San Francisco walipoanza mpango wao wa majaribio mwaka 2011, bei zilirekebishwa kipande kwa kipande cha mtaa kulingana na magari yaliyokuwapo, na baadhi ya mitaa bei zilishuka. Nanyi mnaweza kufanya hivyo kwa daftari tu: kila miezi mitatu, kipande cha mtaa kinachojaa zaidi ya asilimia 85 kiongezewe bei kidogo, kilicho chini ya 60 kipunguziwe. Msitoze kabla maduka hayajafunguliwa.

Duka linalotaka kumlipia mteja wake maegesho limpe kuponi. Mpango huu huharibiwa na wauzaji wanaojichukulia kuponi wenyewe. Dawa ni kuzipiga namba, kuziandikia tarehe ya mwisho, na kuziuzia maduka kwa nusu bei badala ya kuwagawia bure. Kitu alicholipia, mwenye duka atakifungia kwenye droo.

Tunapaka mistari upya. Ya kulala sambamba na barabara au ya mshazari? – Fundi wa halmashauri

Ukingo wa mita 100 unachukua magari 16 yakilala sambamba, 28 kwa mshazari wa nyuzi 45, na 40 yakisimama wima, yaani pua ikielekea ukingo moja kwa moja, kwa nafasi ya upana wa mita 2.5. Kinachoamua ni upana wa barabara: mshazari huo unakula mita 5.3 kutoka ukingoni, na wima unadai mita 5 pamoja na njia ya mita 6 ya kugeuzia. Kwenye mshazari, tunapendelea gari liingie kinyumenyume. Dereva anatoka akiona mbele, na buti linafunguka upande wa njia ya miguu badala ya katikati ya magari.

Acheni mita 6 wazi kabla ya kivuko na kona. Sehemu hiyo isiyofaa gari inafaa baiskeli, kwa sababu haizibi macho; nafasi ya gari moja inatosha baiskeli 8 hadi 10. Nafasi ya mtu mwenye ulemavu iwe na upana wa mita 3.6 na mteremko wa kupandia njia ya miguu uwe pale pale, si mwisho wa mtaa. Lori la mizigo lipewe mita 12 hadi saa nne asubuhi, kisha nafasi hizo zirudi kwa wateja.

Tunafunga mtaa kwa tamasha mara moja kwa mwezi. Watu wanafurika, lakini siku hiyo mauzo yangu yanashuka. Nimekosea wapi? – Mwenye duka la vyombo

Dada au kaka, hukukosea wewe. Vibanda vimewekwa vibaya. Tunaamini vimepangwa kando ya barabara, migongo ikiwa imeelekea mlango wako. Viwekwe katikati ya barabara, mgongo kwa mgongo, vikitazama maduka, ili mtu anayepita awe na kibanda mkono mmoja na duka lako mkono wa pili. Upande mmoja uachwe mita 4 kwa gari la zimamoto, na upande wa pili mita 3 za kupita. Spika zisielekezwe milangoni. Muuzaji asiyesikia mteja hauzi. Matangazo ya kuondoa magari yabandikwe kwenye kila nafasi saa 72 kabla.

La pili, tamasha lina kazi ya kuwajulisha watu kwamba upo, na mauzo huja baadaye. Gawa vocha inayoanza kutumika kesho yake na kuisha baada ya siku 14. Vocha ya siku hiyo hiyo humpa punguzo mtu ambaye angenunua hata bila hiyo.

Tukiambiwa tuchague, tungechagua jioni moja kila wiki ambayo maduka yote hufunga kwa kuchelewa. Lakini msianze kabla robo tatu ya maduka hayajaahidi kwa maandishi. Mteja akikuta milango mitatu imefungwa mfululizo, wiki ijayo haji. Na wanaofunga mapema waache taa za kioo cha duka zikiwaka hadi saa nne usiku. Kizimio cha kujiendesha kinatosha.

Maduka machache ndiyo yanachangia mabango na matangazo, wengine wanafaidi bure. Na tutajuaje kama matangazo yenyewe yanasaidia? – Mweka hazina

Mchango wa hiari huishia hivyo karibu kila mahali. Wafanyabiashara wa Bloor West Village, Toronto, walilikwepa jambo hilo mwaka 1970 kwa kupata sheria iliyofanya kila biashara ndani ya mipaka ya mtaa ichangie, tozo ikikusanywa na manispaa na kurudishwa kwa bodi ya mtaa. Ulizeni mwanasheria wa halmashauri yenu kama kuna kifungu kinachoruhusu hivyo.

Kwenye mabango, anzeni na la maegesho: herufi za sentimita 15 hadi 20, maneno yasiyozidi matano, na bango jingine kila kona hadi uwanjani. Bango moja lililokosekana kwenye kona moja linaharibu yote yaliyotangulia. Uwanjani wekeni ramani ya kumtoa dereva hadi madukani. Halafu mmoja wenu akae na simu akague kila duka kwenye ramani za intaneti, maana saa za kufungua zilizoandikwa vibaya humrudisha mteja akiwa na hasira.

Kupima, simameni mahali pale pale, dakika 10 za kila saa, mhesabu wapita njia na kuzidisha kwa 6. Kando, hesabuni wangapi wamebeba mifuko ya maduka. Idadi ya watu ikipanda na mifuko isipopanda, tangazo limeleta watazamaji. Kuhusu mauzo, hakuna mwenye duka atakayewaonyesha daftari lake. Mwombeni aandike asilimia tu, kupanda au kushuka kulinganisha na mwezi kama huo mwaka jana, kwenye karatasi isiyo na jina, aitumbukize kwenye sanduku. Kwa mtaa wa maduka 40, karatasi 25 zinatosha kuonyesha mwelekeo.